Shangazi, Dishi na Mkataba Tusiousoma

Kila siku ifikapo saa mbili kasorobo usiku, shangazi yangu hunawa mikono, hujitanda khanga ya pili na kuketi mkekani, mgongo ukiegemea ukuta, akisubiri taarifa ya habari. Alianza desturi hiyo mwaka ambao mumewe alinunua dishi kwa fedha za dagaa, na hata baada ya mumewe kufariki dunia hakuiacha. Siku ninayoieleza nilikuwa nimefika kijijini kwake Mwamgongo, kando ya Ziwa Tanganyika, mchana, kwa boti kutoka Kibirizi, na nilikuwa nimeketi kando yake nikila migebuka alioniwekea. Saa mbili ilipotimia akabonyeza rimoti. Badala ya mtangazaji tuliona kioo cheusi chenye mstari mmoja wa maandishi meupe: chaneli hiyo haipatikani kwa sasa.

"Baba, hebu angalia, labda kadi imelegea," akaniambia.

Nikaichomoa kadi, nikaifuta kwa pindo la shati, nikairudisha. Nikatoka nje na tochi, nikakagua waya mmoja mmoja kutoka dirishani hadi kwenye dishi. Hapakuwa na kasoro. Chaneli nyingine zote zilionekana safi, na malipo ya mwezi nilikuwa nimeyalipa mwenyewe kwa simu siku nne tu kabla ya hapo. Nikapiga huduma kwa wateja. Baada ya muziki mrefu, kijana mmoja mwenye adabu akaniarifu kwamba mazungumzo kati ya kampuni na mwenye chaneli yalikuwa bado yanaendelea, na kwamba tuwe na subira.

Nilipomweleza shangazi, akaniuliza swali ambalo halijaniacha kwa wiki sita sasa.

"Mazungumzo ya nini tena? Si tumeshalipa?"

## Nani anamlipa nani

Sitaitaja kampuni hiyo wala chaneli hiyo, kwa sababu mkataba wao sijauona na siwezi kusema nani kati yao alikuwa na haki. Ninachoweza kueleza ni safari yangu ya kujaribu kumjibu shangazi, ambayo ilianza nikiwa na hasira na kampuni ya king'amuzi peke yake. Niliona ni jambo lililo wazi: mtu amechukua fedha za mwezi mzima, kisha ameondoa kitu kilichomfanya mteja alipe.

Niliporudi Kigoma mjini nilimtafuta rafiki yangu ambaye aliwahi kufanya kazi katika chumba cha kurushia matangazo. Tulikutana Mwanga, tukaagiza chai, na kabla chai haijapoa alikuwa amenivuruga kabisa. Alinieleza kwamba kituo kidogo kinachotaka kuonekana nchi nzima kina njia chache. Kinaweza kukodi nafasi kwenye setilaiti, ambayo hulipiwa kwa dola hata kama matangazo yake ya biashara yanaingiza shilingi, au kinaweza kuomba kubebwa na kampuni ambayo tayari ina ving'amuzi majumbani mwa watu. Kituo kinachoomba mara nyingi ndicho kinacholipa. Lakini kituo kikubwa, ambacho watu watakirudisha king'amuzi dukani wasipokiona, hakiombi. Chenyewe ndicho kinachodai kulipwa. Ofisi ni ile ile, meza ni ile ile, na karatasi mbili zinazofanana hupeleka fedha pande mbili zinazopingana.

Nilikuwa nimezoea kuamini kwamba bei ya kitu hutokana na gharama zake, kama vile ndoo ya dagaa inavyobeba ndani yake mafuta ya injini, karabai na jasho la usiku. Ada ya kubeba chaneli haipangwi hivyo. Hupangwa kwa kupima nani ataumia zaidi chaneli ikizimwa.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kile kioo cheusi. Haikuwa ajali ya mazungumzo. Ilikuwa sehemu ya mazungumzo.

## Usiku wa sherehe

Katika kusoma kwangu nilijikuta Marekani, kwa sababu kule ugomvi huu una umri mrefu na umeandikwa sana. Sheria ya mwaka 1992 iliwapa wenye vituo chaguo linalorudiwa kila baada ya miaka mitatu: ama kituo kidai kubebwa kwa lazima na kampuni ya kebo, ile inayopeleka televisheni majumbani kwa waya, bila kulipwa chochote, ama kikatae kubebwa bila ridhaa yake na hivyo kuingia mezani kudai fedha. Kampuni za kebo zilipeleka suala la kubeba kwa lazima mahakamani, na mwaka 1997 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikaidhinisha sharti hilo kwa kura tano dhidi ya nne. Kwa upande wa dishi, sheria ya mwaka 1999 iliweka kanuni inayonivutia kwa usawa wake: kampuni ya setilaiti ikitumia ruhusa ya sheria kubeba kituo kimoja cha eneo fulani, inapaswa kubeba vituo vyote vya eneo hilo vinavyoomba.

Kuhusu bei, hata hivyo, serikali ilijiweka kando. Tume inayosimamia mawasiliano inazitaka pande mbili zijadiliane kwa nia njema, wala haiwapangii kiasi.

Matokeo yake yanaonekana kwenye kalenda. Tarehe 7 Machi 2010, siku ya kutolewa kwa tuzo za filamu za Oscar, kituo cha ABC cha New York kilizimwa kwa takribani kaya milioni tatu zilizokuwa zikihudumiwa na kampuni ya kebo ya Cablevision, na kikarudishwa usiku huo huo, dakika chache baada ya sherehe kuanza. Oktoba ya mwaka huo huo kampuni hiyo hiyo ilikosa chaneli za Fox kwa wiki mbili, na wateja wake wakapitwa na mechi za mwanzo za fainali za besiboli. Mwaka 2013 kituo cha CBS na kampuni ya kebo ya Time Warner Cable waligombana mwezi mzima wa Agosti, wakapatana wakati msimu wa mpira wa Kimarekani ukibisha hodi. Mwaka 2024 chaneli za Disney zilitoweka kwa wateja zaidi ya milioni kumi na moja wa kampuni ya dishi ya DirecTV tarehe 1 Septemba, msimu huo wa mpira ukiwa ndio unaanza, zikarudi tarehe 14.

Hakuna anayezima chaneli siku ambayo hakuna anayeitazama.

Nilikaa na jambo hili kwa siku kadhaa. Mikataba huisha kwa tarehe, na tarehe huwekwa na watu wanaojua kalenda ya michezo na sherehe kuliko sisi. Kinachowekwa mezani wakati huo ni subira ya mtazamaji. Kituo kinatumaini kwamba mtazamaji ataipigia kelele kampuni ya king'amuzi. Kampuni inatumaini kwamba mtazamaji atakichukia kituo kwa tamaa yake. Pande zote mbili huweka matangazo ya kumwomba mteja apige simu upande wa pili. Shangazi yangu, ambaye hakuwa na habari ya mkataba wowote, alikuwa ametumwa vitani bila kuulizwa.

## Agosti ile

Wasomaji wa Tanzania hawahitaji kukumbushwa kwa kirefu Agosti ya mwaka 2018, Mamlaka ya Mawasiliano ilipoagiza Azam, DStv na Zuku ziondoe chaneli za ndani za kutazamwa bure, kwa hoja kwamba leseni zao za maudhui ya kulipia hazikuwapa ruhusa ya kuzibeba. Ule haukuwa ugomvi wa ada. Lakini nimeurudia mara nyingi wiki hizi, kwa sababu unagusa kiini cha swali la shangazi kuliko migogoro ya Marekani.

Wakati ule niliilaumu Mamlaka. Leo naona hoja yake ilikuwa na mzizi mzuri: kama chaneli ni ya bure kwa mujibu wa leseni yake, mtu hapaswi kuikosa kwa sababu tu kifurushi chake kimeisha tarehe 30. Ndiyo maana kwenye ving'amuzi vya antena, vile vinavyopokea mawimbi ya minara ya ardhini, kuna chaneli tano za ndani ambazo zilitakiwa kubaki wazi hata mteja asipolipa. Anayeiita chaneli ya bure kisha akaifungia nyuma ya kadi ya kulipia amekwisha kuifanya bidhaa, hata kama hakuipangia bei yake peke yake.

Hoja nzuri, basi, na mimi nimeikubali kwa kuchelewa. Kasoro yake nimeiona Mwamgongo.

## Milima

Katika siku nilizokaa kule, nilimwomba fundi wa kijijini atujaribie antena. Alikuja na bomba refu, akaifunga antena juu, akapanda kwenye kichuguu nyuma ya nyumba na kuizungusha polepole huku mimi nikipaza sauti kutoka ndani kila nilichokiona. Nilichokiona ni chembechembe, na mara moja, kwa pumzi mbili, uso wa mtu uliokatika vipande vya mraba. Fundi akashuka, akanionyesha kwa kidole mlima ulio nyuma yetu, kisha ule unaoingia ziwani upande wa kusini.

"Kaka, mawimbi ya mnara hayapindi kona," alisema. "Huku ni dishi tu."

Sentensi hiyo ya fundi ilibadilisha fikra zangu zote. Mnara wa ardhini huhudumia mji na viunga vyake. Mawimbi yake husafiri karibu kama mwanga, na mlima ukiyakinga yamekingwa. Setilaiti iko juu ya wote, na mtu wa Mwamgongo anaiona sawasawa na mtu wa Masaki. Kwa hiyo tunaposema kwamba chaneli za bure zipo kwenye antena, tunasema kweli kwa mtu wa Ujiji au Katubuka, ilhali kwa vijiji vya pwani ya ziwa, vilivyobanwa kati ya maji na milima, tunasema maneno matupu. Mtu wa mjini chaneli ikifungwa kwenye dishi ana antena, ana simu yenye intaneti, ana jirani mwenye king'amuzi cha kampuni nyingine, ana kibanda umiza pale kona. Shangazi ana dishi moja.

Ana na redio. Jioni ile, baada ya kukubali kwamba taarifa ya habari haitakuja, aliiwasha, akapita kwenye mawimbi yanayokatikatika, na kituo cha kwanza kilichosikika vizuri kilikuwa cha Burundi. Kirundi na Kiha ni ndugu, hivyo alisikiliza bila shida. Tukajua yaliyotokea Bujumbura siku hiyo. Ya Dodoma hatukuyajua.

Nililala nikiwa na huzuni ambayo sikuitarajia kwa jambo la televisheni.

## Walivyogombana jirani zetu

Kenya walilifikisha suala hili mbali zaidi yetu. Vituo vikubwa vililalamika kwamba kampuni za ving'amuzi zilikuwa zikizibeba chaneli zao bila ridhaa na kuzitumia kuuzia vifaa vyao. Mahakama ya Rufani ilikubaliana navyo. Septemba 2014 Mahakama ya Juu ikatengua, ikiona kwamba kuzibeba chaneli hizo chini ya kanuni ya kubeba kwa lazima hakukuwa wizi wa haki zao. Februari 2015, mitambo ya analojia ilipozimwa, Citizen, NTV, KTN na QTV ziliondoka hewani kwa takribani wiki tatu.

Niliposoma kuhusu kesi hiyo nilijikuta, kwa mara ya kwanza, nikiwaelewa wenye vituo. Mwandishi wa habari anayepanda pikipiki kwenda Kakonko kufuatilia habari ya daraja lililosombwa na maji hulipwa mshahara na kituo, wala halipwi na king'amuzi. Kama habari yake inamfanya mtu anunue dishi la kampuni fulani, ni haki kuuliza kwa nini fedha yote ibaki kwa mwenye dishi. Nilijaribu kuipuuza hoja hii na nikashindwa.

Kuna jambo jingine linalofanya meza isiwe sawa. Baadhi ya kampuni za ving'amuzi zina chaneli zao zenyewe. Mwaka 2021 Azam Media ilitia saini na shirikisho la soka, TFF, mkataba wa miaka kumi wa Ligi Kuu wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6, na mechi hizo huonekana kwenye chaneli zake, zinazobebwa na king'amuzi chake. Silaumu uwekezaji huo, ambao umefanya mechi ya Kigoma ionekane Mtwara. Nasema tu kwamba kituo kingine kinapokwenda kuomba kubebwa na kampuni ya namna hii, popote duniani, kinabisha hodi kwa mshindani wake. Afrika Kusini waliliona hilo mwaka 2022, pale chaneli nne za kampuni ya televisheni ya eMedia zilipoondolewa DStv na mahakama ya masuala ya ushindani ikaamuru zirudishwe kwa muda.

## Ninachokiamini na kinachonisumbua

Baada ya wiki zote hizi, hivi ndivyo ninavyoona. Chaneli za ndani zilizopewa leseni ya kutazamwa bure zingepaswa kuwa wazi kwenye setilaiti, bila kufungwa kwa kadi, kifurushi kiwe kimelipwa au hakijalipwa. Kiufundi hilo linawezekana, kwa kuwa kufunga au kutofunga chaneli ni uamuzi wa anayeirusha. Na chaneli ya kulipia inapokaribia kuondolewa, mteja aambiwe mapema kwa ujumbe anaoweza kuusoma, kisha siku alizoikosa zipunguzwe kwenye malipo yake ya mwezi unaofuata.

Rafiki yangu wa Mwanga alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali moja: nafasi hiyo kwenye setilaiti nani ataigharamia? Kituo kidogo cha Mwanza au Arusha hakina dola. Kampuni ya king'amuzi haitakubali kubeba bure mzigo ambao hata asiye mteja wake atafaidi. Ikibebeshwa kwa lazima, gharama itazipitisha kwenye vifurushi, na atakayelipa ni yule yule shangazi. Gharama ikibebwa na serikali, itatoka kwenye kodi, nayo kodi ina zahanati zinazoisubiri.

Sikumshinda. Nilimwambia kwamba barabara ya kijijini nayo haijilipii yenyewe na bado tunaijenga, naye akanijibu kwamba barabara hupitisha mahindi. Nikamwuliza kama habari za bei ya mahindi hazipitishi kitu. Tukanyamaza wote wawili. Bado sijui kama hoja yangu ilikuwa nzito au ilikuwa nzuri masikioni tu, lakini sijaiacha, kwa sababu nimekiona kioo kile cheusi na nimemwona aliyeketi mbele yake.

Kuhusu kurudishiwa fedha nilidhani shangazi angeniunga mkono mara moja. Hakuniunga mkono. Aliniambia kwamba shilingi hizo za siku chache hazina maana kwake, na kwamba kilichomkera ni kunawa mikono na kuketi.

"Wangeniambia," alisema. "Mtu akiahirisha shughuli huwaambia wageni."

## Siku iliporudi

Chaneli ilirudi Alhamisi moja, siku ya kumi na tisa. Hakuna ujumbe uliotumwa kwenye simu yangu, ingawa namba yangu ndiyo iliyoandikishwa na huwa wananikumbusha malipo siku tatu kabla. Nilijua kwa sababu shangazi alinipigia, sauti yake ikiwa juu kushindana na sauti ya runinga.

"Baba, wameelewana," akasema.

Nikamwambia nimefurahi. Akaniuliza wameelewana kwa shilingi ngapi.

Nilimweleza kwamba mikataba ya namna hiyo ni siri ya wanaotia saini, na kwamba hata waandishi wa habari mara nyingi hawaipati. Alikaa kimya kwa muda, nami nikamsikia mtangazaji nyuma yake akisoma hali ya hewa ya Ziwa Tanganyika, upepo wa kusini na mawimbi makubwa usiku. Shangazi akaniambia nisubiri kidogo kwenye simu, akatoka mlangoni, na nikamsikia akimwita mtoto wa jirani kwa jina, amwambie baba yake asishuke ziwani leo.